Mbio zako za kwanza za pikipiki: achana na ekzosi, nunua pedi za breki

Swali lenyewe liko hivi: "Kaka shikamoo. Nina pikipiki ya spoti ya cc 300, nimeshafanya mazoezi kwenye sakiti mara kadhaa na naona naenda vizuri. Mwezi ujao naingia mbio zangu za kwanza, kundi la wanaoanza. Kuna hela kidogo nimeitunza, nataka nibadilishe ekzosi na nifanyiwe mapu kwenye kompyuta ya injini. Kuna kingine cha kufanya? Halafu ukweli naogopa stati, naogopa kona ya kwanza, na naogopa kuwa wa mwisho."

Marahaba mdogo wangu, na hongera maana wengi kila mwaka wanasema mwaka huu naingia halafu hawaingii. Nikujibu bila kuzunguka, hiyo ekzosi achana nayo na mapu, yaani kupanga upya kompyuta ya injini, pia achana nayo kwa sasa. Hela uliyotunza ipeleke kwenye tairi, breki na mavazi, ikibaki lipia siku moja zaidi ya mazoezi, na iwe kwenye sakiti ileile mtakayokimbilia.

Najua unawaza mbona wenzangu wote wana ekzosi. Sikia, kwenye cc 300 ekzosi na mapu vinakuongezea nguvu kidogo sana, na wewe kwa sasa muda hauupotezei kwenye streti, ile sehemu iliyonyooka, unaupotezea kwenye breki na kwenye kutoka kona. Mchukue mtu mzoefu umpe hiyo pikipiki yako hivyohivyo ilivyo na tairi zilezile, atakuacha mzunguko wa kwanza tu na hutamuona tena. Halafu kuna ishu ya kelele, sakiti nyingi zina kiwango cha desibeli, mkaguzi anakuja na mashine yake anaiweka nyuma ya bomba unaambiwa upige resi, ukizidi kiwango siku yako imeishia hapo. Yaani umelipa kiingilio, umesafiri, na kitu ulichonunua ili uende haraka ndo kimekuzuia kwenda kabisa.

Siku hiyo kazi yako kubwa ni kutabirika. Pikipiki itabirike, isimwage kitu wala isiache kitu barabarani. Wewe utabirike, anayekuja nyuma yako akikuangalia ajue sekunde mbili zijazo utakuwa wapi. Mtu mwenye spidi ndogo anayetabirika hana shida na mtu, anayeogopwa padoki nzima, pale wakimbiaji wanapopaki na kujiandaa, ni yule anayekwenda kasi kona moja na kuyumba kona inayofuata.

Tuanze na pikipiki. Kabla ya kuingia barabarani kuna ukaguzi, na kundi la wanaoanza ndo linarudishwa sana pale, mara nyingi kwa vitu vidogo vidogo tu. Taa, indiketa, saiti mira, stendi ya pembeni na kibao cha namba za barabarani vyote vitoke, taa isiyotoka ipigwe tepu ili kioo kikivunjika kisisambae kwenye lami. Mkono wa mafuta ujirudishe wenyewe ukiuachia, usibaki umevutika. Swichi ya kuzimia injini uifikie kwa kidole gumba bila kuachia usukani. Ncha za usukani zizibwe, mkono wa breki uwe na ile duara mwishoni, na klabu nyingi siku hizi wanataka pia ile gadi ya kuukinga mkono wa breki ya mbele. Hiyo gadi sio urembo, usukani wa mwenzako ukigusa breki yako ya mbele kwenye streti unapinduka kabla hujajua nini kimekupata. Na karibu na sproketi ya nyuma, pale cheni inapoingilia kwa chini, wanataka kipande cha plastiki au alminiamu cha kuzuia vidole, watu wamepoteza vidole pale.

Sasa waya. Bolti ya kumwagia oili lazima ifungwe waya, na hii watu wanaifanya hovyo sana. Unatoboa kitundu kwenye kichwa cha bolti, milimita moja na nusu inatosha, unakaza bolti kwa kipimo chake, unapitisha waya wa stenlesi wa unene wa kama milimita 0.8, unazisokota ncha zote mbili kwa koleo taratibu mpaka msokoto ukae karibu karibu bila kuachia, halafu unaenda kuufunga kwenye kitu ambacho hakichezi, inaweza kuwa bolti nyingine au pezi la injini lenye tundu. Cha muhimu kuliko vyote ni upande, waya uivute bolti kuelekea kukaza. Ukiufunga upande wa pili bolti ikianza kulegea waya wenyewe unaisindikiza, na mkaguzi anaona hilo hata kabla hajainama. Fanya hivyo kwenye kifuniko cha kujazia oili pia na bolti za kalipa za breki. Filta ya oili isiyo na sehemu ya kutoboa unaizungushia klipu ya mpira wa maji, unaikaza, na waya unaufunga kwenye klipu. Msokoto ukishamaliza ncha yake ikunje iangalie ndani, la sivyo fundi wako atakulaani akija kufuta injini na kitambaa.

Mbona ugomvi wote huu kuhusu oili? Kwa sababu ikimwagika anayeanguka sio wewe, ni watu kumi walioko nyuma yako, na ndo maana wanataka kava la chini la feringi, yale maplastiki ya nje ya pikipiki, liwe beseni la kushika oili injini ikipasuka. Kwenye kulanti, maji ya kupozea injini, ni hivyohivyo, ile ya rangi ina glaikoli, ikimwagika haikauki na inateleza vibaya mno, kwa hiyo mwaga yote, suuza rejeta, weka maji matupu. Ukiwa mahali ambapo usiku kunaganda usisahau kumwaga maji hayo ukimaliza msimu, injini inapasuka.

Breki. Hapa ndo nataka hela yako ya ekzosi iende. Pedi mpya za mbele za kiwango cha mbio, uzifanyie mazoezi kwanza zikae, usizifunge asubuhi ya mbio. Na mafuta ya breki mapya, haya watu wanayasahau kabisa. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa hata pikipiki ikiwa imepaki tu, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 4 mapya kwa kiwango cha chini yanachemka kuanzia nyuzi 230, yakishanyonya maji yanaweza kushuka mpaka 155. DOT 5.1 yanaanzia 260 na yakiwa na maji 180. Kwenye sakiti breki ya mbele inapigwa kila baada ya sekunde chache kwa dakika kumi na tano, joto linapanda, mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea, mkono wa breki unakuja mpaka kwenye usukani na pikipiki haisimami. Kwa hiyo badilisha, toa hewa vizuri, na usije ukachanganya na DOT 5 tupu isiyo na pointi moja, ile ni silikoni, ni kitu kingine kabisa hata kama namba zinafanana.

Tairi sasa, na hapa utasikia maneno mengi padoki, kila mtu ana presha yake ya siri. We fuata karatasi ya mtengenezaji wa tairi, kaangalie kama namba anayotoa ni ya tairi baridi au ya moto maana ni vitu viwili tofauti, tairi ikipata joto upepo unapanda. Nunua geji yako mwenyewe nzuri na uitumie hiyohiyo tu siku zote, ukitumia ya kwako asubuhi na ya jirani mchana hujapima kitu. Ukitoka barabarani ingia moja kwa moja kwenye kibanda chako upime hapohapo tairi ikiwa ya moto, andika. Usiende na presha ya barabarani, kwenye sakiti kawaida inakuwa chini ya ile kwa sababu tairi inafanya kazi ngumu zaidi na joto linapanda zaidi.

Kama una blanketi za kupashia tairi vizuri, nyingi zinaseti nyuzi kama 80 na zinataka muda wa kutosha mpaka joto liingie ndani, sio dakika tano. Kama huna sio mwisho wa dunia, ila lazima ukubali kwamba mizunguko ya mwanzo ni ya kupasha. Na kupasha sio kuyumba kushoto kulia kama unavyoona magari ya mbio yakifanya, pikipiki ukiyumba hivyo tairi haipati joto la maana na ukiwa na tairi baridi unaanguka kabla ya mbio. Tairi ya pikipiki inapata moto kwa kuvuta mafuta na kushika breki ukiwa umesimama wima, ongeza taratibu. Kingine ambacho hawakwambii, tairi ina pande mbili. Sachsenring kule Ujerumani kuna kona 13, kumi ni za kushoto na tatu tu za kulia, na ile ya kulia namba 11 imeangusha mabingwa wa MotoGP, mbio kubwa kabisa za pikipiki duniani, mara nyingi kwa sababu wanafika pale wametoka kulalia kushoto muda mrefu, upande wa kulia wa tairi umeshapoa. Kwa hiyo chukua ramani ya sakiti yenu, hesabu kona za kila upande, itafute ile ya kwanza ya upande uliokaa muda mrefu bila kazi, hiyo iheshimu kila mzunguko na sio ule wa kwanza peke yake.

Cheni usiikaze sana, shokapu ikibonyea cheni nayo inakazika, iachie uchezaji unaotakiwa. Sproketi usibadilishe kitu mpaka uone kama gia ya mwisho inakutosha kwenye streti ndefu.

Mavazi: suti ya ngozi ya kipande kimoja, au vipande viwili vinavyoungana kwa zipu kiuno kizima, ila kasome kanuni zenu maana klabu nyingine hawataki vipande viwili. Kinga ya mgongo na ya kifua, glavu zinazopita kifundo cha mkono na kufungwa, buti zinazopanda juu ya suti au zinazoingia ndani yake bila kuacha nafasi. Helmeti ya kufunika uso wote, yenye kamba ya kufunga kwa pete mbili za umbo la D na stika ya kiwango cha usalama cha ECE 22.06 au ile ambayo kanuni zenu zimetaja, na isiwe imewahi kuanguka na kichwa ndani, hata kama nje haina mkwaruzo usiiamini. Kwenye MotoGP suti yenye eabegi imekuwa lazima tangu 2018 na siku hizi zinapatikana hata kwa sisi wengine, ukiniuliza kati ya eabegi na ekzosi wala sihitaji kufikiri. Weka na vizibo vya masikio, upepo ndani ya helmeti unachosha kichwa kuliko unavyodhani na ukishachoka kichwa mikono inaanza kukosea.

Na mkoba wa vipuri. Beba mkono wa breki wa ziada, wa klachi, kikanyagio cha mguu, kipande cha gia, na tepu nyingi. Mbio za wanaoanza nyingi huharibika sio kwa injini, ni kwa kaanguko kadogo ka mazoezi ya asubuhi kamevunja kikanyagio kimoja na mtu anakosa mbio za mchana.

Sasa sakiti yenyewe. Jioni kabla ya siku ya mbio, kama wanaruhusu, izunguke kwa miguu. Kwa miguu unaona vitu usivyoviona kwenye spidi, wapi lami imepigwa viraka, wapi kuna kibonde pale unaposhikia breki, ukingo upi uko juu na upi uko chini, wapi kuna changarawe nje ya kona na wapi ni majani tu. Kila kona itafutie alama tatu: pa kushika breki, pa kuanza kulala, na apeksi, ile sehemu unayopita karibu kabisa na ndani. Alama iwe kitu kisichohama. Usichague kivuli, saa nane kitakuwa pengine, usichague gari la wasimamizi wala kiti cha mtu wa bendera. Chagua ufa wa lami, mwanzo wa rangi kwenye ukingo, kibao cha mita. Halafu pa kushikia breki anza mapema kwa makusudi, kila mzunguko sogeza mita tatu nne mbele, siku ukiona unaanza kuikosa apeksi rudi nyuma kidogo, hapo ndo pako. Wengi wanafanya kinyume, wanachelewa breki mpaka wanatoka nje halafu wanajifunza kwa woga.

Kona yenye faida kuliko zote ni ile inayoingia kwenye streti ndefu. Hapo kubali kuingia polepole ili uanze kuvuta mafuta mapema, maana kila kilomita kwa saa ya ziada utakayotoka nayo unaibeba streti nzima. Kona zinazofuatana kwa karibu nazo ni hivyohivyo, ya kwanza unaweza kuitoa sadaka ili ya mwisho uitoke vizuri.

Mwili: paja la nje libane tangi, kiwiliwili kiwe chepesi, mikono ilegee. Ukijikuta mkono wa kulia unakaza kama jiwe kwenye mzunguko wa tano maana yake unajishikilia na usukani badala ya kujishikilia na miguu, na usukani ukishikwa hivyo pikipiki haipati nafasi ya kujinyoosha yenyewe. Na tafadhali usiende kutafuta kugusisha kiwiko chini kwa sababu Marc Márquez, bingwa wa MotoGP, anafanya hivyo. Yeye kiwiko kinafika chini kwa sababu ya spidi na tairi alizonazo, wewe ukikilazimisha unahamisha mwili vibaya na macho yanashuka kwenye lami. Macho yako kwenye mwisho wa kona, kila mara.

Bendera usome kanuni zenu, lakini zile za kimataifa ziko hivi. Njano ikipepea kuna hatari mbele, punguza na usiovateki mpaka upite bendera ya kijani. Nyekundu mbio zimesimama, unapunguza taratibu huku umeinua mkono na unarudi piti, ile njia ya pembeni penye vibanda vya mafundi, hushiki breki ghafla maana kuna mtu nyuma hajaiona bado. Ya mistari ya njano na nyekundu ina maana lami inateleza. Nyeusi yenye duara la chungwa pamoja na namba yako, pikipiki yako ina tatizo, toka barabarani saa hiyohiyo, usijaribu kurudi mpaka piti huku unamwaga oili. Bluu tutaizungumzia. Nyeupe inatofautiana kulingana na mashindano, hiyo uliza kwenye kikao cha wakimbiaji asubuhi, na kwenye kikao hicho uliza lolote usilolijua hata kama unaona aibu, nusu ya waliokaa pale nao hawajui.

Tuje kwenye stati uliyosema unaogopa. Ratiba ya kawaida ni hii: mnatoka piti, mnazunguka, mnajipanga kwenye gridi, ile mistari ya kuanzia mbio, mnazunguka tena mzunguko wa kupasha, mnarudi kwenye gridi. Kitu cha kwanza kukikariri ni mstari wako na kisanduku chako, angalia ni nani yuko mbele yako na ana helmeti ya rangi gani, ukirudi unamtafuta huyo. Taa nyekundu zinawaka, na kwa kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki, zinakaa kati ya sekunde 2 na 5 kabla ya kuzimwa. Usijaribu kukisia. Gia ya kwanza, resi ishike katikati isipande na kushuka, klachi ilete mpaka pale unapoisikia inaanza kushika ndo uishikilie, kifua kishuke kwenye tangi, uzito mbele, macho kwenye taa. Zikizimika unaachia klachi taratibu kwa mkono mzima, sio kuirusha, na mafuta unaongeza sambamba nayo. Ukiona tairi ya mbele inanyanyuka usifunge mafuta yote, bonyeza klachi kidogo irudi chini. Miguu ipandishe mara moja, wapo wanaoburuza miguu mpaka gia ya pili. Na ukitoka kabla ya taa kuzima adhabu ipo, wanakuongezea sekunde au wanakupitisha piti, kwa hiyo kuchelewa robo sekunde ni nafuu mara mia.

Ukizimikiwa injini kwenye gridi inua mkono juu na kaa hapohapo wima. Usisogee kushoto wala kulia. Walioko nyuma wameshaamua watakupita upande gani.

Kona ya kwanza ni jambo la hesabu tu. Kwenye mazoezi ulikuwa peke yako na upepo wote ulikuwa unakupiga wewe. Kwenye mbio kuna watu kumi mbele yako wanakukatia upepo, kwa hiyo pale kwenye alama yako ya breki utafika na spidi kubwa kuliko uliyoizoea bila hata kujua. Kwenye kilomita 180 kwa saa unakula mita 50 kila sekunde. Ukifika na 190 badala ya 180, nguvu ambayo breki inatakiwa kuimaliza imeongezeka zaidi ya asilimia 10, na juu yake tairi bado hazijaiva na mbele kuna msongamano unaokuzuia kutumia njia yako ya kawaida. Sasa ukisubiri alama ileile ya mazoezi unamgonga mtu. Mzunguko wa kwanza shika breki mapema, dhahiri mapema, na ushike kwa kukaza taratibu sio kuikunyua ghafla. Chagua njia yako kabla ya kuanza breki na ubaki nayo, ukiingia kwa nje toka kwa nje, usimkate mtu. Na usigeuze kichwa kuangalia nyuma, walioko nyuma ni kazi yao kukuangalia, wewe kazi yako ni kumuangalia aliye mbele yako. Ila usimkodolee macho yeye, angalia kule anakokwenda, maana ukimkodolea akikosea na kutoka nje unamfuata mpaka kwenye changarawe bila sababu.

Baada ya mizunguko miwili msongamano unaisha, utajikuta na mtu mmoja au wawili mnaolingana. Hapo vuta pumzi kwenye streti, kweli kabisa, watu wanasahau kupumua. Kama unataka kumpita mfuate mzunguko mzima kwanza uone wapi anakosea, mara nyingi ni kutoka kona, jipange utoke vizuri kuliko yeye na umpite kwenye streti kwa mafuta, sio kwa kuchelewa breki ndani yake. Kumpita mtu kwa breki kutakuja baadaye.

Kuanguka. Kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza tairi inateleza na unalala chini upande uleule wa kona, hii mara nyingi unainuka na suti iliyochubuka tu. Ya pili ndo mbaya, tairi ya nyuma inateleza ukiwa unavuta mafuta, unashtuka unayafunga yote ghafla, tairi inashika tena na pikipiki inakurusha juu. Kwa hiyo nyuma ikianza kucheza usifunge ghafla, tulia, acha mafuta palepale au punguza kidogo kidogo. Ukishaanguka achia usukani, pikipiki iende zake, jikunje mikono ndani, na usijaribu kusimama mpaka uwe na uhakika umesimama kabisa kuteleza, ubongo unadanganya sana hapo, unadhani umeshasimama kumbe bado unakwenda kwa kilomita 50 kwa saa. Ukishatulia angalia kama kuna pikipiki zinakuja, halafu kimbilia nyuma ya kizuizi. Pikipiki yako iache, wapo watu wa kazi hiyo. Kama umepiga kichwa nenda kwa daktari wa sakiti hata kama unajisikia poa, na kama atasema leo basi ni basi.

Ukitoka nje bila kuanguka, iwe majani au changarawe, shikilia wima, breki ya mbele iachie, punguza kwa gia na nyuma kidogo. Kurudi barabarani subiri nafasi, rudi taratibu na pembeni, huku umeinua mkono.

Na hilo la kuwa wa mwisho. Inawezekana ukawa, mtu lazima awe. Wanaoongoza watakuja kukupita mzunguko mzima na utaonyeshwa bendera ya bluu, na hapa ndo wageni wanaharibu kwa heshima zao. Wanaona bluu wanasogea pembeni kumpisha mkubwa, na mkubwa alikuwa ameshaamua kupita pembeni hapohapo. Usihame ghafla kumpisha. Baki kwenye njia yako ileile, breki palepale, mafuta palepale, yeye ndo atatafuta pa kupita na amezoea. Utasikia mlio, utaona kitu kinapita karibu kuliko ulivyotarajia, usishtuke. Klabu nyingi wanakuvalisha kizibao cha rangi kali ili wajue wewe ni mgeni, kivae bila aibu.

Bendera ya mwisho ile ya mraba mraba mweusi na mweupe ukishaipita usishike breki pale kwenye mstari, kuna watu nyuma bado wanashindana mpaka mstari. Inua mkono, punguza taratibu, zunguka mzunguko wa kupoza, ingia piti kwa spidi waliyoipanga, helmeti usivue mpaka umesimama. Ukifika tu pima presha ya tairi kabla ya kupokea simu ya mtu, andika presha, hali ya hewa, kona zilizokusumbua na wapi ulikuwa unapitwa, hiyo karatasi ndo itakwambia hela inayofuata iende wapi. Halafu ile transponda waliyokukodisha ya kupimia muda itoe kwenye pikipiki uirudishe siku hiyohiyo, ukiondoka nayo wanakudai.